Walichokitazama Mijusi wa Kale

Fundi alijua kwamba anatazamwa kabla hajajua kwamba anapendwa, na yote mawili yalimpata ndani ya chumba kimoja.

Kazi yake ilikuwa kutibu karatasi. Vitabu vilivyotobolewa na wadudu, ramani zilizoota ukungu, picha zilizopata madoa ya kutu kwa kukaa mahali penye unyevu. Vyote hivyo vilipita mikononi mwake vikatoka na afya. Ndiyo maana kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi alipotaka kumtania. Na ndiyo maana makumbusho ya mji yalipoomba kuionyesha michoro ya Mzee Mijusi, yeye ndiye aliyetafutwa.

Mzee huyo alikuwa amefariki zamani. Enzi zake alichora wanyama wa kale waliokwisha kutoweka duniani, akiwaunda kutokana na mifupa na maelezo ya wataalamu, akamalizia kwa kubahatisha. Wataalamu wa siku hizi wangeicheka michoro yake. Wanyama wake waliburuta mikia kama watu wanaoburuta magunia. Mmoja alibandikiwa mfupa wa kidole gumba chake puani kama pembe. Lakini alijua kuchora macho. Macho yao yalikuwa na maji, yalikuwa na fikra, na ukikaa nao muda mrefu ulianza kuongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

Michoro ilikuwa thelathini na mmoja, imetundikwa kuzunguka kuta nne za chumba cha juu cha nyumba yake. Katikati ya chumba kilikuwa kiti cha mbao kisicho na mikono. Siku ya kwanza kabisa, mwenye nyumba, binti wa Mzee Mijusi, mama mnyoofu kama rula aliyeitwa Shangazi na mtaa mzima, alimpa Fundi masharti yake mlangoni.

"Michoro haitoki humu mpaka kazi iishe. Kila mmoja urudi kwenye msumari wake. Na kile kiti, mwanangu, usikikalie."

Fundi hakuuliza. Nyumba nyingi zina mambo yake.

Asiyemtarajia alikuwa Mjukuu. Naye mtaani hakuwa na jina jingine, kana kwamba Mzee Mijusi alijaliwa mjukuu mmoja tu duniani. Alichora picha za vitabu vya shule, alikuwa mrefu, mpole, mwenye wino kwenye kucha na miwani iliyoteleza puani. Kila saa kumi alasiri alipandisha chai. Siku ya tisa alimshika Fundi mkono kumfuta gundi ya wanga iliyokaukia kwenye kifundo, na gundi ilipokwisha mkono akasahau kuurudisha. Tangu hapo chai ilipoa mara nyingi.

Sasa ilikuwa wiki ya sita, siku ya Alhamisi, na mawingu yalikuwa yameufunika mji tangu asubuhi. Mjukuu aliweka sinia juu ya meza ya kazi.

"Nimepata barua," Fundi alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa akipitisha brashi laini juu ya bawa la ndege mwenye meno. "Maktaba kuu ya mji mwingine. Wananitaka Jumatatu, na kazi ya hapa inaisha kesho."

"Jumatatu hii?"

"Kwani kuna nyingine karibu?"

Mjukuu alivuta kigoda akakaa. Alitazama brashi inavyokwenda na kurudi.

"Umewajibu?"

"Wanataka jibu leo. Nilikuwa nangoja mtu aseme kitu."

"Nitazungumza na Shangazi. Nipe siku chache tu."

"Uliniambia hivyo wiki mbili zilizopita. Siku zako chache zimeshaota mvi."

Mjukuu alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamfia. Fundi aliweka brashi chini.

"Niambie ukweli. Ana nini na mimi? Namwamkia ananiitikia vizuri. Aliniletea mto wa kiti alipoona mgongo unaniuma. Lakini wewe ukiingia tu humu, namsikia chini ya ngazi, amesimama, hapandi wala haondoki."

"Si wewe. Ni chumba hiki." Mjukuu aliivua miwani akaisugua kwa pindo la shati. "Umeona wanatazama wapi?"

Fundi alikuwa ameona tangu siku ya kwanza. Mjusi mwenye shingo ndefu, upande wa dirisha, alitazama chini kuliani. Tembo mwenye manyoya, upande wa mlango, alitazama chini kushotoni. Hata konokono wa bahari, aliyetundikwa chini kabisa karibu na sakafu, alikuwa amegeuza jicho lake moja juu kidogo. Macho yote yalikwenda mahali pamoja.

"Kwenye kiti," alisema.

"Kwenye kiti. Kuna mwanamke alikuwa anakaa pale, babu akiwa anachora. Hakuwa bibi yangu. Bibi aliishi na kiti hicho miaka arobaini, hakukikalia hata siku moja, wala hakuruhusu kitolewe. Shangazi alikua akimwona mama yake akisimama pale mlangoni analia. Ndiyo maana hakuolewa. Anasema wanaume wa ukoo wetu hawajui kumpenda aliyepo. Wanampenda asiyekuwepo."

"Na wewe unaamini?"

Mjukuu alikawia kujibu, na kukawia kule kulimchoma Fundi kuliko jibu lenyewe.

"Sijui. Usiku nikiwa peke yangu nakuchora, unatoka kama ulivyo. Ukiwa mbele yangu nashindwa hata kukuambia chai inapoa."

"Basi uoe huo mchoro," Fundi alisema. "Hautakusumbua kwa barua."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini mwenzake aliinuka kama aliyemwagiwa maji. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Naenda kumwambia sasa hivi."

"Nenda."

Hatua zake zilishuka ngazi, za haraka mwanzoni, kisha zikapunguza mwendo. Fundi alizisikiliza mpaka zikaisha, halafu akafumba macho akapiga moyo konde. Alijiambia kwamba hatalia mbele ya mijusi.

Ndipo likamrudia jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote.

Katika wiki zile sita, mara tatu alikuwa ameuweka mchoro ukauke kwenye msumari usio wake. Mara tatu, asubuhi yake, aliukuta umerudi mahali pake. Alidhani ni Mjukuu, akacheka peke yake. Mara ya mwisho ilikuwa jana, na mchoro ulikuwa ule wa konokono. Leo asubuhi aliukuta chini karibu na sakafu, umenyooka vizuri, na juu ya kioo chake kulikuwa na alama ya ukungu, duara dogo, kama pale mtu anapopumua karibu sana na dirisha. Alama hiyo ilififia akiwa anaitazama.

Aliushusha tena aukague. Alipofungua kadibodi ya nyuma, ilidondoka karatasi nyembamba iliyokunjwa mara mbili. Aliiweka kando bila kumwonyesha mtu. Sasa aliitoa kwenye jalada lake akaisogeza karibu na dirisha.

Ulikuwa mchoro wa penseli wa haraka haraka. Mwanamke amekaa kwenye kiti cha mbao kisicho na mikono, mikono ameipumzisha mapajani. Uso haukumaliziwa; palikuwa na duara tu. Lakini mbele ya magoti yake alisimama mtoto mdogo, amegeuka nyuma, kisogo chake kimechorwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Mkono mmoja wa mwanamke ulikuwa umeinuka ukatua juu ya kichwa hicho. Pembeni palikuwa na maandishi yaliyofifia hata hayasomeki.

Moyo ulimshuka Fundi. Kwa hiyo huyo mwanamke alikuwa na mtoto pia. Akiuonyesha mchoro huu, atakuwa amemwagia petroli kwenye moto uliokuwa umebaki majivu. Akiuficha, ataondoka Ijumaa na siri ya watu begani.

Aligeuka akakitazama kiti. Chumba kilikuwa kimya namna ile ambayo mtu husikia masikio yake mwenyewe. Wanyama wote thelathini na mmoja walikitazama pamoja naye.

Hakuwahi kuvunja sharti la mwenye kazi. Lakini alikuwa fundi, na fundi akitaka kujua kitu hukishika. Alitembea taratibu, akageuka, akakaa.

Alikuwa amejiandaa kukutana na macho yao usoni. Hakukutana nayo. Mjusi wa dirishani hakumtazama. Tembo hakumtazama. Aligeuza kichwa kutoka mmoja hadi mwingine, na baridi ikamtambaa kuanzia kisogoni mpaka kiunoni. Wote walikuwa wanatazama chini yake kidogo. Walitazama mbele ya magoti yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kwa kimo cha mtu mdogo aliyesimama.

Kisha paja lake la kushoto likaingiwa na uzito. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa kiwiko cha mtoto anayejiegemeza huku akisubiri hadithi.

Fundi hakupiga kelele. Baadaye alijiuliza kwa nini, akaona ni kwa sababu uzito ule haukuwa na ubaya wowote ndani yake. Aliishusha karatasi kuelekea pajani, ikalala upande, na mwanga wa dirishani ukaipitia kwa ubavu. Penseli iliyobonyea miaka mingi iliyopita ikaleta vivuli vyake. Maandishi yakajitokeza.

"Mwanangu anasema mnyama anayetazama pembeni anapanga kuuma. Basi wote wamtazame yeye, asiogope. Mama yake akae palepale kila siku, nisipoteze kimo."

Alisoma mara mbili. Chini yake palikuwa na tarehe.

"Nilikwambia usikikalie."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake alikuwa Mjukuu, uso umempauka. Fundi alibaki kitini, uzito ule bado pajani.

"Shangazi, nisamehe."

"Nimekukataza kitu kimoja." Sauti ya Shangazi haikupanda. "Wiki sita nakutazama, najiambia huyu binti ana adabu. Kumbe na wewe umekuja kukalia kiti cha yule."

"Ni nani yule, Shangazi?"

"Usinifanye mtoto. Huyu mjukuu wa baba hapa ameshakusimulia."

"Nataka nisikie kwako. Nani alisema ni mwanamke?"

Shangazi aliegemea fremu ya mlango.

"Mama alisema," alijibu hatimaye. "Nilikuwa na miaka saba. Alikuwa amesimama hapa nilipo, anafuta machozi kwa upande wa kanga. Akasema, 'Bado anamtazama yule. Mpaka leo anamtazama yule tu.' Nikamuuliza, mama, yule nani? Akanigeuzia uso ukutani. Hakunijibu siku ile wala siku nyingine. Nikakua. Nikaona wanawake wengine wanavyolia wakisema 'yule'. Nikaelewa."

"Ulizaliwa mwaka gani, Shangazi?"

Swali lilimshangaza, akalijibu. Fundi alihesabu kichwani, kisha akamnyooshea karatasi. Tarehe ya mchoro ilitangulia kuzaliwa kwake kwa miaka miwili.

Shangazi aliipokea kwa vidole viwili, kama kitu cha moto. Mjukuu alichungulia juu ya bega lake. Upepo ulipita kwenye paa la bati.

"Kidole hiki," Shangazi alisema. Alikuwa anagusa mkono wa yule mwanamke asiye na uso, pale ulipotua juu ya kichwa cha mtoto. "Kidole cha mwisho kimepinda. Mama alibanwa na mlango akiwa msichana. Huu ni mkono wa mama yangu."

"Ndiyo," Fundi alisema.

"Aliyekaa kitini ni mama."

"Ndiyo, Shangazi. Na hawakuwa wanamtazama yeye. Kaa hapa uone. Walikuwa wanamtazama mtoto."

"Nilikuwa wa kwanza kuzaliwa." Alilisema kama mtu anayesoma hati aliyopewa zamani. "Siku zote niliambiwa mimi ni wa kwanza."

Alisoma maandishi yale tena, midomo ikicheza bila sauti, na alipofika kwenye neno "asiogope" karatasi ikashuka mpaka kifuani.

"Mimi ndiye niliyemweka mwanamke pale," alisema. "Mama alikuwa anamlilia mtoto wake, mimi nikamwekea mke mwenza. Nikamchukia baba mpaka anaingia kaburini. Mchumba wangu mwenyewe nilimfukuza, eti kwa sababu alipokuwa anaongea nami alitazama dirishani."

"Shangazi," Mjukuu aliita kwa upole.

"Na wewe nyamaza. Umeshuka kule chini umevimba kama mtu anayekwenda kutoa posa, ukakaa dakika ishirini unanieleza kwamba paa linavuja."

Fundi alimtazama Mjukuu. Mjukuu alitazama viatu vyake.

"Kweli linavuja," alisema.

Kitu kama kicheko kilimpitia Shangazi, kikaishia njiani. Alimgeukia Fundi.

"Nilitaka uende zako, mwanangu. Haikuwa kwa ubaya. Nilitaka uende kabla hujawa kama mama yangu."

"Najua."

"Hujui, lakini asante." Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani. "Mchoro wa ndege niliurudisha mimi. Na ule wa mamba wa bahari. Wewe unautundika huku, mimi nikipita naurudisha, mazoea tu. Usidhani nakuchunguza."

"Na wa konokono?"

Shangazi alimwangalia.

"Wa konokono uko chini kule. Mimi na magoti haya? Sijauinamia mwaka wa nne huu."

Fundi na Mjukuu walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Mjukuu hakuhamisha macho. Alinyoosha mkono, Fundi akaushika, na uzito uliokuwa pajani ukatoka taratibu, kama mtu aliyejua kumpisha mwingine. Aliinuka.

Shangazi alikizunguka kiti mara moja. Alikigusa mgongo. Kisha yule mama mnyoofu aliyekuwa na miaka sitini na zaidi ya kukikwepa alijishusha juu yake kwa uangalifu, miguu pamoja, mikono mapajani, kama anayepigwa picha. Aliinua macho kwa mijusi, mmoja mmoja. Fundi na Mjukuu wakaona kwamba na yeye ameona.

Halafu, bila kuambiwa, akayaachanisha magoti kidogo, namna mama anavyompisha mtoto asogee. Kitambaa cha gauni lake kilikunjamana hapo gotini, kikavutika, kikatulia. Mkono wake wa kulia ulipanda hewani ukatua mahali, ukakaa. Haukutetemeka hata kidogo, na mkono wa mtu ulionyooshwa hewani hivyo huchoka haraka.

"Michoro iende makumbusho," alisema polepole. "Watu waione. Ila si wiki hii. Wiki hii tuna mgeni. Na wewe, Mjukuu, mchukue mwenzako. Kama una neno, mwambie leo. Usimwachie karatasi waje kuisoma watu wengine."

Walipofika kizingitini Mjukuu alishika mlango auvute.

"Msiufunge," Shangazi alisema bila kugeuka. "Kitasa kiko juu, mtoto hakifikii."

Nje ya chumba, ukumbi wa juu ulikuwa mwembamba na wa giza kidogo. Walisimama wameegemea kuta mbili zilizotazamana, na kati yao palikuwa na hatua moja tu. Fundi alijikunyata kwa baridi. Mjukuu alivua sweta lake akamvika mabegani, na safari hii mikono haikurudi.

"Naogopa," Mjukuu alisema.

"Unaogopa nini? Mle ndani?"

"Hapana. Jumatatu. Usiende. Au nenda, twende wote. Vitabu vya shule vinachorwa popote. Nitakuwa natuma kwa posta. Nitakuja kumwona Shangazi kila mwisho wa mwezi. Mimi nataka kukuona ukiwa umekasirika, ukiwa na gundi kwenye nyusi, ukiwa unaniambia chai imepoa. Nataka unioe. Yaani, nikuoe. Sijui inavyosemwa."

"Inasemwa hivyo hivyo."

"Basi?"

Fundi alitazama ule uso ulioinama juu yake, miwani imeteleza puani, macho yamekaa palepale bila kukwepa. Alisukuma miwani ile kwa kidole mpaka mahali pake.

"Lile la pili," alisema. "Twende wote. Nitawajibu jioni hii kwamba tunakuja wawili."

Mjukuu aliweka paji lake la uso juu ya lake, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Wakakaa hivyo. Kupitia ufa wa mlango waliisikia sauti ya Shangazi, laini kuliko walivyowahi kuisikia, akiwataja wanyama wa ukutani mmoja baada ya mwingine kuanzia dirishani, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo, akingoja, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kulirudia.